Estrojeni na Vijidudu vya Matumbo

Msomaji, yafaa ujue kwamba elimu ya mwili mara nyingi imesonga mbele kwa sababu watu hawakuridhika na jibu jepesi. Ndivyo ilivyokuwa habari ya estrojeni, homoni imfanyayo msichana akue awe mwanamke.

Mwaka 1929 Edward Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kwa jitihada yake, waliitenga homoni ya jamii hiyo kutoka katika mkojo wa wajawazito. Baadaye waganga walitambua kuwa aina yake moja, iitwayo estrioli, huongezeka mkojoni kadiri mimba inavyokua. Basi wakaifanya kipimo: ikipungua, walihofu kwamba mtoto yu hatarini, na pengine walimzalisha mama kabla ya siku zake.

Mwaka 1971 waganga wa Ufini walitangaza jambo la ajabu. Wajawazito waliopewa ampisilini, dawa ya kuua bakteria, walipungukiwa na estrioli. Je, watoto wao walikuwa wamedhurika? Katika miaka iliyofuata Herman Adlercreutz na wenzake, mjini Helsinki, walionyesha kwamba sababu haikuwa kwa mtoto, bali matumboni mwa mama.

Ifuate njia yenyewe. Ini huifunga estrojeni pamoja na asidi itokanayo na sukari, kisha huimwaga matumboni pamoja na nyongo. Humo bakteria, kwa vimeng'enya vyao, hukifungua kifungo kile, na sehemu ya estrojeni hurudi damuni. Bakteria wakifa, estrojeni haifunguliwi. Hutoka pamoja na choo. Kwa hiyo kipimo kilisema kweli juu ya mkojo, walakini waganga walikisoma kana kwamba kimesema juu ya mtoto.

Mwaka 1982 wataalamu wa Boston, Marekani, waliwalinganisha wanawake 10 wasiokula nyama na wengine 10 walao. Wale wasiokula nyama walitoa estrojeni nyingi zaidi chooni, na damuni mwao ilikuwa chache. Kumbe hata chakula kina neno katika jambo hili!

Basi, msomaji, upimapo kitu chochote, usitosheke kujua kwamba kipimo kimeshuka. Uliza kwanza kitu hicho kimepitia njia gani hata kikakufikia. Maana njiani mna wengi wasioonekana kwa macho, nao wana kazi yao.