Mbwa wa Bwana Banks na watumishi wake wawili

Mwambie mtu wa Kariakoo kwamba kuna watu wanaopanda boti na kukaa baharini wiki nzima kwa matembezi tu, na mbwa wao wamempakia humohumo. Atacheka kwanza, kisha atauliza: sasa huyo mbwa anajisaidia wapi? Swali la maana kabisa. Lakini mimi nina swali jingine, la kihistoria. Nani anapata nafasi ya kumpakia mbwa wake melini, na nani anamhudumia wakiwa njiani?

Twende Uingereza, mwaka 1768. Mwezi wa Agosti meli iitwayo Endeavour iling'oa nanga Plymouth chini ya James Cook, yule yule wa kwenye vitabu vya historia. Kazi rasmi ilikuwa kufika Tahiti na kuitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua, jambo lililotokea tarehe 3 Juni 1769. Meli yenyewe haikuwa ya kifahari. Ilijengwa kwa ajili ya kubeba makaa ya mawe, ina urefu wa mita kama 30 tu, na iliondoka na watu 94. Hebu fikiria. Mabaharia walikuwa wanalala kwenye machela za kuning'inia, bega kwa bega.

Ndani ya msongamano huo alikuwamo kijana mmoja wa miaka 25, Joseph Banks. Mtoto wa kitajiri, kichaa wa mimea, amerithi mashamba makubwa. Hakwenda peke yake. Alikwenda na mtaalamu wa mimea Daniel Solander, msaidizi Herman Spöring, wachoraji wawili Sydney Parkinson na Alexander Buchan, na watumishi wanne. Juu ya hao akapakia mbwa wawili wa mbio, wale wembamba wenye miguu mirefu wanaofugwa kwa kuwinda. Nahodha Cook ilibidi agawane naye chumba kikubwa cha nyuma ya meli. Pesa ina nguvu hata baharini, au siyo?

Kati ya watumishi wale wanne, wawili walikuwa watu weusi: Thomas Richmond na George Dorlton. Naomba uyashike majina hayo.

Januari 1769 meli ilitia nanga Tierra del Fuego, kule ncha ya kusini kabisa ya Amerika. Tarehe 16 Banks akaamua kupanda milimani kutafuta mimea, na msafara wake ukaondoka na mbwa. Kule kusini Januari ni kiangazi, kwa hiyo walidhani watarudi jioni. Wakakutana na vichaka vinavyofika kiunoni na matope chini yake. Buchan akaanguka kifafa. Halafu theluji ikaanza kushuka. Solander, aliyekwishaishi kwenye nchi za baridi, aliwaonya kwamba atakayekaa chini atalala, na atakayelala hataamka. Baadaye yeye mwenyewe akawa wa kwanza kutaka kulala.

Richmond alichoka akalala chini. Dorlton na baharia mmoja wakaachwa naye ili wote wawafuate wenzao wakipata nguvu. Walikuwa na chupa ya pombe kali, wakainywa, na pombe kwenye baridi kama ile inaua haraka zaidi. Usiku baharia akajikokota hadi kwenye moto wa wenzake. Waliorudi kuwatafuta walimkuta Richmond amesimama lakini hawezi kutembea, na Dorlton yuko chini hana habari. Walishindwa kuwabeba na moto haukuwaka kwenye theluji ile. Wakawalaza juu ya matawi, wakawafunika kwa matawi, wakaondoka. Asubuhi wote wawili walikuwa wamekufa.

Sasa sikia hili. Parkinson, yule mchoraji, anasimulia kwamba mbwa mmoja aliachwa nao usiku ule wote. Walipofika asubuhi walimkuta hai, amekaa kando ya mwili wa bwana wake. Alisita kuondoka. Mwishowe ndipo akafuata wengine.

Bwana wake! Kwenye hesabu za Uingereza mbwa yule alikuwa mali ya Joseph Banks. Lakini mbwa hajui hati wala urithi. Anamjua anayemlisha na anayelala naye karibu. Maisha ya mbwa yule melini yalikuwa mikononi mwa watumishi, na usiku ule alikaa na watumishi.

Banks hakuwa mtu katili. Shajara yake inaonyesha msiba ule ulimuumiza. Lakini safari iliendelea na mbwa wakaendelea kuwa starehe ya bwana mkubwa. Kule Tahiti Banks alikula nyama ya mbwa iliyopikwa kienyeji akaisifu, na Cook akaandika kwamba inakaribia utamu wa mwanakondoo wa kwao. Mbwa wa wenyeji ni kitoweo, mbwa wa Banks ni rafiki. Mwaka 1770, baada ya meli kugonga miamba ya pwani ya Australia na kukaa wiki kadhaa ikitengenezwa, mbwa wake mmoja aliwafukuza kangaruu akashindwa, kwa sababu kangaruu waliruka juu ya nyasi ndefu. Baadaye mmoja akakamata kangaruu mdogo, wa kilo nne hivi.

Kisha ikaja Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Malaria na kuhara damu viliwafyeka watu melini, wengine pale pale na wengine baada ya kuondoka. Buchan alikwishafia Tahiti. Spöring na Parkinson walikufa Januari 1771. Katika msafara wa watu tisa wa Banks, akiwamo yeye mwenyewe, waliofika nyumbani ni wanne tu.

Mbwa jike, aliyeitwa Lady, nusura awe wa tano. Mwanzoni mwa Julai 1771, siku chache kabla ya kuiona Uingereza, alilia usiku mmoja kwa sauti kubwa. Asubuhi akakutwa amekufa chumbani kwa Banks, juu ya kigoda alichozoea kulalia. Banks akaliandika hilo pia.

Lady alikuwa na kigoda chake ndani ya chumba cha bwana mkubwa. Richmond na Dorlton walipata matawi mlimani. Simlaumu mbwa. Yeye hakuomba kwenda, kama ambavyo mtumishi wa karne ile hakuulizwa. Wote walipakiwa kwenye ndoto ya mtu mwingine.

Banks aliongoza Royal Society kuanzia 1778 hadi kifo chake mwaka 1820, na kuna jamii nzima ya mimea inayoitwa Banksia. Richmond na Dorlton hawakupewa hata jani. Kwa hiyo siku ukikutana na picha ya tajiri amesimama kwenye boti yake na mbwa pembeni, usiishie kumtazama tajiri. Muulize mbwa: bwana wako hasa ni nani?