Kasoro Iliyokaa Miaka Tisa: Historia ya Mlinzi wa Faili

Mwanahistoria hutafuta nyaraka, na mara nyingi hukuta zimeliwa na mchwa au zimefungiwa Ulaya. Anayechunguza kiini cha mfumo endeshi wa Linux hana tatizo hilo. Linus Torvalds alianzisha programu ya Git Aprili 2005, na tangu hapo kila mstari unaoongezwa au kuondolewa katika kiini hicho huhifadhiwa pamoja na tarehe, jina la mwandishi na sababu aliyoitoa. Mwanafunzi aliyeko Kiyovu anaweza kuzisoma sawasawa na aliyeko Helsinki. Katika insha hii ninafuatilia kasoro mbili za usalama kwa kutumia rekodi hizo. Hoja yangu ni kwamba zote mbili ziligunduliwa na watu waliokuwa wakitunza rekodi za kazi zao za kila siku, wala si na waliokuwa wakikagua msimbo wenyewe.

Kiini ndicho kinachosimama kati ya programu na faili. Tangu Unix ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, iliyoanza 1969, kila faili ina mwenyewe, na kiini huangalia kama anayeomba anaruhusiwa kusoma tu au kuandika pia. Orodha ya watumiaji, kwa mfano, kila mtu huisoma lakini msimamizi mkuu pekee ndiye huibadilisha. Mlinzi huyu akidanganywa, mtumiaji yeyote anaweza kujifanya msimamizi.

Kasoro ya kwanza ilitangazwa Oktoba 2016 kwa jina la Dirty COW, yaani ng'ombe mchafu. (Kwa Mnyarwanda jina hili linakera kidogo, lakini COW ni kifupisho tu cha utaratibu wa kunakili wakati wa kuandika.) Programu inapotaka kubadilisha kwa faragha ukurasa wa faili isiyo yake, kiini huitengenezea nakala, na mabadiliko huandikwa kwenye nakala hiyo. Kati ya kunakili na kuandika kuna mwanya mdogo wa muda. Mshambuliaji akiwahi kuitupa nakala ndani ya mwanya huo, kiini huandika juu ya ukurasa wa asili.

Hapa nyaraka zinavutia. Torvalds mwenyewe aliwahi kujaribu kuiziba kasoro hii 2005. Kiraka chake kiliondolewa baadaye kwa sababu kilisumbua kompyuta kubwa za IBM, na toleo la 2.6.22 la mwaka 2007 likatoka na mwanya wazi. Wakati ule kuwahi mwanya huo kulionekana jambo la nadharia tu. Miaka tisa baadaye Phil Oester, aliyekuwa akihifadhi mawasiliano yote ya wavuti yaliyoingia kwenye seva zake, alikuta ndani yake programu ya kushambulia iliyoutumia mwanya huo. Kwa hiyo wezi walikuwa wameshaujua. Eric Raymond alidai 1997 kwamba programu iliyo wazi kwa wasomaji wengi haifichi kasoro kwa muda mrefu. Kwa maoni yangu, dai hilo limeshindwa hapa: hata aliyejua mwanya ulipo aliuacha.

Ya pili inaitwa Dirty Pipe. Aprili 2021 mteja wa kampuni moja ya Ujerumani alilalamika kwamba faili ya rekodi za seva aliyoipakua haifunguki. Max Kellermann aliirekebisha, akaendelea na kazi zake. Malalamiko yakarudi, tena na tena. Mwishowe alizipanga faili zote zilizoharibika akaona kwamba nyingi zilikuwa za siku ya mwisho ya mwezi, na kwamba baiti 8 za mwisho ndizo zilizobadilika, kila mara kwa namna ileile. Ufuatiliaji huo ulimfikisha kwenye kiini. Mwaka 2016 kuna mtu alisahau kufuta alama ya zamani kwenye data zinazopita katika bomba, njia ambayo programu hupitishiana data. Kosa hilo halikudhuru chochote mpaka 2020, toleo la 5.8 lilipoipa alama moja maana mpya: kwamba hapa panaruhusiwa kuongezwa maandishi, hata kama ukurasa ni wa faili ya kusomwa tu. Mistari miwili, kila mmoja peke yake haukuwa na hatari. Kellermann aliripoti tarehe 20 Februari 2022, na habari ikawekwa hadharani tarehe 7 Machi.

Simu za Android nazo zinatumia kiini cha Linux. Usiku mmoja tulikuwa watano katika chumba cha kupanga hapa Kiyovu, tukafungua mipangilio ya simu zetu kuangalia toleo la kiini. Nne zilikuwa na tarehe za karibuni. Ya tano, aliyorithi rafiki yetu kwa kaka yake, ilikuwa na toleo la 3.10 lililotengenezwa Machi 2016, miezi saba kabla ya kiraka cha Dirty COW. Ukibonyeza kitufe cha kusasisha, inajibu kwamba simu iko katika hali ya kisasa. Ndiyo anayopokelea pesa za ada na kodi ya chumba. Tulipomcheka alitujibu vizuri: Dirty Pipe haikumgusa, maana toleo la 5.8 halikuwahi kumfikia.

Wiki iliyofuata alihamishia laini yake ya pesa kwenye simu ndogo ya vitufe. Ile ya zamani anaitumia kusikiliza redio.