Kiwelisi na Kimaori: Shule, Nyumba na Hatima ya Lugha

Wanaisimu wanapozungumzia lugha zilizonusurika kufa hutaja Kiwelisi na Kimaori pamoja, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Undugu huo haupo. Kiwelisi ni cha jamii ya lugha za Kikelti, na mizizi yake katika kisiwa cha Britania ni ya kale kuliko ile ya Kiingereza. Kimaori ni lugha ya Kipolinesia, jamaa wa mbali wa Kimalagasi cha Madagaska, nacho kililetwa Nyuzilandi na mabaharia waliofika huko katika karne ya 13 hivi. Ni kweli kwamba katika sentensi ya kawaida ya lugha zote mbili kitenzi humtangulia mtenda, lakini hiyo ni sadfa ya sarufi. Kilichozikutanisha ni historia, maana zote ziliangukia chini ya dola moja na lugha moja, yaani Kiingereza.

Katika kurasa hizi chache tungependa kupima dai linalorudiwa mara nyingi, kwamba shule ndiyo iliyokaribia kuziua lugha hizi.

Ushahidi wa dai hilo si haba. Katika shule nyingi za Welisi za karne ya 19, mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake alivikwa kipande cha mbao shingoni. Alikivua pale tu mwenzake aliposhikwa katika kosa hilohilo, na yule aliyekuwa nacho mwisho wa masomo ndiye aliyechapwa. (Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia desturi ya namna hiyo katika shule za Kenya ya kikoloni, msomaji wa Kiafrika hahitaji kuelezwa zaidi.) Mwaka 1847 wajumbe waliotumwa na serikali ya London walitoa taarifa iliyokiona Kiwelisi kuwa kizuizi cha maendeleo na cha maadili mema. Wawelisi hawajaisahau: tukio hilo huitwa hadi leo usaliti wa Vitabu vya Buluu, kwa sababu ya rangi ya majalada yake. Huko Nyuzilandi, sheria ya shule za wenyeji ya mwaka 1867 iliagiza mafundisho yatolewe kwa Kiingereza, na wazee wengi wa Kimaori walisimulia baadaye viboko walivyopigwa kwa kusema lugha yao.

Hata hivyo, tarehe hazikubaliani na dai lenyewe. Wasemaji wa Kiwelisi hawakupungua katika zama za kipande kile cha mbao. Waliongezeka, wakafikia karibu 977,000 katika sensa ya 1911, ingawa wakati huo sehemu yao katika wakazi wote ilikuwa imekwisha kushuka chini ya nusu. Mtoto aliyechapwa mchana alirudi jioni katika nyumba ya Kiwelisi, na siku ya Jumapili alikwenda katika shule ya kanisa, ambako watu wazima kwa watoto walijifunza kusoma Biblia ambayo tafsiri yake kamili, kazi ya William Morgan, ilichapishwa kwanza mwaka 1588. Tena migodi ya makaa ya mawe ya kusini ilimwezesha mkulima maskini kuhama bila kutoka katika nchi ya lugha yake. Msomaji wa Lubumbashi ataelewa jambo hili upesi, akikumbuka jinsi kambi za migodi zilivyokieneza Kiswahili katika Katanga. Lakini mgodi uliokilisha Kiwelisi ndio uliokuja kukinyima chakula. Wafanyakazi wageni walipozidi kuingia, lugha ya barabarani ikabadilika. Kisha ukosefu wa kazi wa miaka ya 1920 na 1930 ukawatawanya wenyeji.

Kwa Wamaori mambo yalikwenda kwa kasi kubwa zaidi. Miongo kadhaa baada ya sheria ya 1867, watoto wengi wa vijijini bado waliingia shuleni wakisema Kimaori. Pigo zito lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, familia zilipohamia mijini kutafuta kazi. Serikali iliwagawia nyumba kwa shabaha ya kuwachanganya na Wazungu, familia moja hapa na nyingine kule, hata mama akakosa jirani wa kuzungumza naye. Wazazi, wakikumbuka viboko vya utotoni, wakaamua kuwasemesha watoto wao Kiingereza. Kwa maoni yetu, hapo ndipo kiboko cha shule kilipozaa matunda, baada ya kungoja kizazi kizima. Utafiti ulioongozwa na Richard Benton katika miaka ya 1970 ulikadiria wasemaji fasaha kuwa kama 70,000, wengi wao watu wa makamo na wazee.

Njia za ufufuo nazo zilitofautiana. Welisi haikuwa na mkataba wa kuushika mkononi, hivyo wapiganaji wake walitumia ukaidi wa kiraia. Baada ya hotuba ya redio ya Saunders Lewis mwaka 1962, vijana waliunda chama cha lugha, wakang'oa vibao vya barabarani vya Kiingereza, baadhi yao wakafungwa. Mwaka 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans alitishia kugoma kula hadi kufa. Serikali ikakubali, na televisheni ya Kiwelisi ikaanza mwaka 1982. Wamaori walikuwa na Mkataba wa Waitangi wa 1840. Mwaka 1986 Baraza la Waitangi liliamua kwamba lugha ni hazina iliyolindwa na mkataba huo, na mwaka 1987 Kimaori kikatangazwa rasmi. Kiwelisi kilingoja hadhi kama hiyo hadi 2011.

Jambo lililo kubwa kuliko sheria, hata hivyo, ni kohanga reo, yaani viota vya lugha, vilivyoanzishwa mwaka 1982. Humo mabibi na mababu waliwalea watoto wachanga kwa Kimaori, wakikiruka kizazi cha wazazi kilichonyimwa lugha.

Sensa ya Nyuzilandi ya 2023 ilihesabu watu wapatao 213,800 wanaoweza kuzungumza Kimaori. Katika Welisi, wasemaji walishuka kutoka 562,000 mwaka 2011 hadi 538,300 mwaka 2021, na upungufu ulionekana hasa kwa watoto, ingawa shule zinazofundisha kwa Kiwelisi zipo tangu miaka mingi. Sensa zote mbili humuuliza mtu kama anaweza kuisema lugha. Hazimuulizi anaisema na nani nyumbani. Serikali ya Welisi imejiwekea shabaha ya wasemaji milioni moja ifikapo 2050, na ile ya Nyuzilandi ilitangaza milioni moja wenye ujuzi wa msingi ifikapo 2040.