Kiuno cha Mwanafunzi wa Uuguzi

Maumivu ya kiuno hudhaniwa kuwa ni ya wazee na wapagazi. Hata hivyo, wanafunzi wa uuguzi huyalalamikia kabla hawajahitimu, na jibu wanalopewa ni lile lile: piga magoti, nyoosha mgongo, ndipo unyanyue. Historia inaonyesha kuwa jibu hilo ni jepesi mno.

Mwaka 1700, daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Alitaja sababu kuu mbili: vitu vyenye madhara vinavyoshikwa kazini, na miondoko na mikao inayoulazimisha mwili. Wakunga aliwatengea sura yao. Tena aliwataka madaktari wamwongezee mgonjwa swali moja: unafanya kazi gani?

Kwa mwanafunzi wa uuguzi swali hilo lilisahaulika, maana jina lake lilikuwa mwanafunzi, si mfanyakazi. Lakini Florence Nightingale alipoanzisha shule yake katika hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1860, wanafunzi walijifunza kwa kufanya kazi wodini. Mtindo huo ulienea katika makoloni ya Uingereza, Uganda ikiwemo. Kutandika vitanda, kuosha wagonjwa, kuwageuza na kuwanyanyua: yote hayo yaliitwa masomo, na hospitali ikapata mikono ya bei nafuu. Huko Uingereza kwenyewe, mpaka mwaka 1986 ndipo mpango wa Project 2000 ulipopendekeza mwanafunzi asihesabiwe tena kama mmoja wa wafanyakazi wa wodi.

Sayansi nayo ilitazama kwingine. Mwaka 1934, Mixter na Barr wa Boston walieleza jinsi kisahani cha uti wa mgongo kinavyoweza kutokeza na kubana neva. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, ila kwa maoni yangu uliwafanya watu watafute kosa ndani ya mgongo badala ya kuitazama kazi.

Kanuni za Uingereza za mwaka 1992 ziligeuza mpangilio: kwanza mwajiri aepushe unyanyuaji wa hatari inapowezekana, mengine yafuate. Kisha mwaka 2008, mapitio ya tafiti katika jarida la BMJ hayakupata ushahidi kwamba kufundisha namna ya kunyanyua huzuia maumivu ya mgongo, hata pale vifaa vya kunyanyulia vilipotolewa. Mafunzo hayo yanaendelea kutolewa. Na katika wodi nyingi za kwetu, wanaomgeuza mgonjwa kitandani ni mwanafunzi na ndugu wa mgonjwa.