Ukuta na Kigae: Kujengeka kwa Jumuiya ya Watafiti wa Miji ya Kale ya Pwani

Makala haya yanajadili jinsi utafiti wa miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki ulivyopata jumuiya yake ya wanazuoni kuanzia mwaka 1948. Hoja yetu ni kwamba maana iliyopewa Gedi, Kilwa au Shanga ilibadilika kadiri jumuiya hiyo ilivyobadilika: nani alichimba, nani alifundishwa kuchimba, na ripoti iliandikwa kwa lugha ya nani.

Mwaka huo James Kirkman alianza kazi katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi. Kitabu alichokitoa mwaka 1954 kiliuita mji huo, tangu jaladani, mji wa Kiarabu. Neville Chittick naye alichimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, na matokeo yake yakachapishwa katika juzuu mbili mwaka 1974. Wote wawili walikuwa wachimbaji makini, na hakuna anayeandika leo juu ya pwani asiyewategemea. Lakini walianzia ukutani. Jengo la matumbawe na chokaa lilijionyesha lenyewe. Nyumba ya fito na udongo ilikuwa imeoza. Kaure za China ziliwasaidia kukadiria tarehe, ilhali vigae vya vyungu vya kienyeji, ambavyo ndivyo vingi kupita vyote, havikupewa uzito unaostahili katika kueleza asili ya mji.

Chittick ndiye aliyeiongoza taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia katika Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1966 ilianza kutoa jarida la Azania. Jarida hilo likawa baraza. Watafiti waliotawanyika kutoka Lamu hadi Kilwa wakaanza kusomana na kujibizana. Wenyeji walioshika majembe na kuosha vigae, hata hivyo, ni nadra kuwakuta miongoni mwa waandishi wa miaka hiyo ya mwanzo.

Mageuzi yalikuja katika miaka ya 1980, tena kwa njia mbili. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine iliyotangulia, ya awali kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Mji wa mawe ulikuwa umeota juu ya kijiji. Njia ya pili ilikuwa darasa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985, na mradi wa asili ya miji uliofadhiliwa na Sweden ukawakutanisha watafiti wa Kenya, Tanzania, Msumbiji, Komoro, Madagaska na Zimbabwe. Felix Chami, aliyetetea tasnifu yake Uppsala mwaka 1994, alianzia kwenye kigae: aliihusisha mitindo ya vyungu vya pwani na jamii za wakulima na wafua chuma waliotangulia miji. Si wote waliokubaliana naye katika kila jambo, na ubishi huo, kwa maoni yetu, ndio uliowathibitishia wengi kwamba sasa mjadala una wenyewe.

Limebaki suala la lugha. Ripoti karibu zote tulizozitaja ni za Kiingereza. Ajabu ni kwamba ndani ya Kiingereza hicho hicho mna Kiswahili tele: wanaochunguza nyumba za Lamu huandika daka, sabule, zidaka, kwa kuwa hawakupata maneno mengine ya kutaja mpangilio wa nyumba ile. Istilahi zetu zimekwenda ughaibuni na hazijarudi na maelezo yake. Mwanafunzi wa Lamu anayetaka kujua wataalamu wamesema nini juu ya sabule ya nyumba ya bibi yake hana budi kwanza kufaulu Kiingereza. Tunapendekeza, basi, kwamba kazi ya kwanza iwe muhtasari wa Kiswahili wa ripoti za Gedi, Kilwa na Shanga, usomwe na kusahihishwa na wazee wa mahali penyewe kabla ya kupigwa chapa.