Maneno Madogo Katika Kamusi za Kiingereza

Kamusi za mwanzo za Kiingereza hazikujishughulisha na maneno ya kila siku. Ile ya mwalimu Robert Cawdrey, iliyotolewa London mwaka 1604, ilikuwa na takriban vidahizo 2,500, yaani maneno yanayoorodheshwa ili yafafanuliwe, na mengi ya maneno hayo yalikuwa magumu, yaliyotoholewa kutoka Kilatini, Kigiriki, Kifaransa na Kiebrania. Ilidhaniwa kwamba hakuna Mwingereza anayehitaji kuelezwa maana ya kwenda, kuweka au kuchukua. Dhana hiyo ilificha kwa muda mrefu ukubwa wa polisemia, yaani hali ya neno moja kubeba maana nyingi zinazohusiana, katika lugha hiyo.

Aliyeugundua ukubwa huo kwa taabu ni Samuel Johnson, ambaye kamusi yake ya mwaka 1755 ilitungwa katika dari ya nyumba yake ya Gough Square, huku makarani sita wakinakili sentensi alizozipigia mstari vitabuni. Kwa kuwa alianza na sentensi halisi wala si fasili za kurithi, vitenzi vifupi vilimlemea kuliko istilahi zote za wanazuoni: kitenzi "take", ambacho mtoto hukijua kabla hajavaa viatu, alikigawa katika maana 134, na katika dibaji alilalamika kwamba vitenzi vya aina hiyo vimetanuka mno kiasi cha kushindikana kuzungushiwa mpaka.

Kazi hiyo ilipanuliwa na Jumuiya ya Wanafilolojia ya London, iliyoanza kukusanya msamiati wa kamusi mpya mwaka 1857 na kumkabidhi James Murray uhariri mwaka 1879. Murray alijenga banda la mabati, kwanza Mill Hill na baadaye katika bustani yake mjini Oxford, akalijaza vishubaka vya kupangia vikaratasi vilivyoletwa na wasomaji wa kujitolea. Kila kikaratasi kilibeba neno pembeni juu, kisha mwaka, mwandishi, kitabu, ukurasa na sentensi iliyonukuliwa. Mhariri aliyatandaza makaratasi ya neno moja, akayapanga kwa miaka, na kutenga fungu jipya kila alipoona matumizi yameachana na yale yaliyotangulia. Idadi ya maana ilitokana na ugawaji huo, na ni lazima ikubalike kwamba mhariri mwingine, akiwa na makaratasi yaleyale, angeweza kupata mafungu machache zaidi au mengi zaidi.

Neno lililoshinda yote lilikuwa "set", lililomwangukia mhariri mwenza wa Murray, Henry Bradley. Kitenzi hicho, ambacho katika Kiingereza cha Kale kilimaanisha kuketisha, kilikuwa kimeenea hadi kwenye jua linalotua, saruji inayoganda, mtego unaotegwa, mfupa unaoungwa na meza inayoandaliwa, na kikagawanywa katika mafungu makuu 154. Fungu la "set up" peke yake lilimaliza herufi zote za alfabeti zilizotumika kutambulisha maana zake ndogo, ikabidi zianzwe upya kwa kurudiwa mbilimbili. Ugumu uliongezwa na homonimia, yaani maneno yenye asili tofauti kukutana katika umbo moja, kama kaa la moto na kaa wa baharini katika Kiswahili: nomino "set" yenye maana ya kundi ilitoka katika Kifaransa cha Kale na haikuwa na undugu na kitenzi hicho.

Murray alifariki mwaka 1915, Bradley mwaka 1923, na kamusi ilikamilika mwaka 1928 ikiwa na jumla ya maneno 414,825. Toleo la pili la mwaka 1989, lenye juzuu 20, lilikihesabia kitenzi "set" maana 430, likakiacha kileleni.

Marekebisho yaliyofuata yalimpindua bingwa huyo. Kitenzi "run", ambacho kiini chake ni kukimbia, kilikuwa kimenenepeshwa na mashine: injini, kiwanda, gari la moshi na hatimaye programu ya kompyuta vyote vilihitaji kitenzi cha kuelezea mwendo wake, mbali na biashara inayoendeshwa, uchaguzi unaogombewa, pua inayotoka makamasi na kitambaa kinachochuja rangi. Mhariri Peter Gilliver alikifanyia kazi kwa zaidi ya miezi tisa, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba maana zake kama kitenzi zimefikia 645.