Furushi la kufungua na furushi la kusoma: safari ya tar mpaka SquashFS



Siku moja mdogo wa promosyo inayotufuata aliniomba TFC moja tu, kurasa kama hamsini hivi, juu alikuwa anaandika mada ya karibu na ile. Tulikuwa nayo. Tulikuwa tumekusanya kazi za promosyo kadhaa, tukazifunga zote pamoja ndani ya tar.gz moja kubwa, tukajipongeza kabisa. Kumbe ili kutoa ile kazi moja, mashini ilibidi ipitie furushi tangu mwanzo. Tukangoja. Kabla haijafika fasi yenye TFC ile iko, umeme ukaenda, na betri ya kompyuta yangu ni ya zamani, mnazijua hizo. Ikazima. Kesho yake tulirudi kwenye sifuri.

Nikajiuliza ni nani alipanga mambo hivi. Jibu ni kwamba waliopanga hawakukosea. Walikuwa na chombo kingine mkononi: mkanda wa sumaku.

Jina tar linatoka kwenye maneno ya Kiingereza yenye maana ya akiba ya mkanda. Programu hiyo ilitoka pamoja na Unix toleo la 7, mwaka 1979. Mkanda unasomwa toka mwanzo kwenda mwisho, sawa kaseti ya muziki. Basi tar inaandika jina la faili (fishye, vile tunasema huku), kisha faili yenyewe, kisha jina la ifuatayo, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakuna orodha inayosema kila kitu kiko wapi. Kwenye mkanda orodha ingesaidia kidogo tu, juu bado ungepaswa kuuzungusha.

Halafu ikaja gzip, mwaka 1992, kazi ya Jean-loup Gailly na Mark Adler. Walitaka njia ya kubana isiyofungwa na hati miliki, maana ile iliyotumika sana kwenye Unix, LZW, ilikuwa na wenyewe. Gzip inabana kwa kuangalia nyuma: ikikuta maneno yaliyokwisha kupita, haiyaandiki tena, inasema tu "rudi nyuma hatua fulani, chukua herufi fulani". Njo maana huwezi kuingilia katikati. Anayeanza katikati anaambiwa arudi kwenye kitu ambacho hajakiona. Tar haina orodha, gzip haina mlango wa katikati; ukiziunganisha unapata ile saa nzima niliyoipoteza.

Zip ya Phil Katz, ya mwaka 1989, ilikuwa na akili zaidi kwa upande huu. Kila faili inabanwa peke yake na orodha iko mwishoni, kwa hiyo unaweza kuchomoa moja tu. Lakini faili ndogo ndogo elfu moja zinazofanana, zip inazibana kila moja kama vile haijaona nyingine, na nafasi inapotea.

Njia ya tatu haikutoka kwa watu wa akiba. Ilitoka kwa watu wa CD.

Wanafunzi wa informatika wa miaka ile wanakumbuka Knoppix. Klaus Knopper, Mjerumani, aliitoa mwaka 2000: unaingiza CD, kompyuta inawaka na Linux nzima bila kugusa diski yako. Shida ilikuwa hesabu. CD inabeba mega 700, na yeye alitaka kuweka programu za karibu giga 2. Kubana ilikuwa lazima, ila kubana kwa tar.gz hakungesaidia: ungefungulia wapi, na diski ya mwenyewe huigusi? Alihitaji kitu kilichobanwa ambacho kompyuta inakisoma kikiwa bado kimebanwa.

Alitumia cloop, ambayo Rusty Russell aliiandika kwanza kwa ajili ya CD ndogo za ukubwa wa kadi ya biashara. Wazo lake ni rahisi, ata ukimweleza mama sokoni ataelewa. Unachukua taswira ya diski nzima, unaikata vipande vya ukubwa mmoja, unabana kila kipande peke yake, na unaweka orodha ya wapi kila kipande kinaanza. Mtu akiomba faili, mfumo unafungua vile vipande vyake tu, ndani ya memori, na kumpa. Vingine vinabaki vimebanwa. Kwa macho yake ile taswira ni folda ya kawaida. Kitendo hicho cha kuiweka mbele ya mfumo kama diski ya kweli njo tunaita kupachika.

Kwenye kiini cha Linux kulikuwa pia na cramfs, ya Linus Torvalds mwenyewe, iliyofikiriwa kwa vyombo vidogo. Faili moja haikuweza kufika mega 16, na zote pamoja zilisimama kwenye mega 256 na kidogo. Mwaka 2002 Phillip Lougher akatoa SquashFS, na hapa mambo yakabadilika kweli. Vipande vikawa vikubwa zaidi, na kipande kikubwa kinabanika vizuri. Faili ndogo na mabaki ya faili kubwa vinawekwa pamoja ndani ya kipande kimoja. Ata orodha yenyewe inabanwa. Na faili mbili zikifanana herufi kwa herufi, inahifadhiwa moja tu. Pamoja na hayo yote, ilikaa nje ya kiini zaidi ya miaka 6, watu wakiibandika wenyewe, mpaka ikapokelewa katika Linux 2.6.29, mwezi wa 3 mwaka 2009. Baadaye ikapewa xz, kisha zstd.

Leo iko fasi mingi usizodhani. Ruta ya wifi yenye OpenWrt: mfumo wake ni SquashFS, mabadiliko yako yanakaa kwenye tabaka la juu, ndiyo maana ukiifuta inarudi vile ilitoka. Snap za Ubuntu ni SquashFS pia. Kiwix, ambayo wengi wetu tumesomea Wikipedia bila mega, inatumia muundo mwingine, ZIM, lakini wazo ni ndugu yake: vipande vilivyobanwa, orodha, na kusoma bila kufungua vyote.

Basi, turudi kwa TFC zetu. Tulizipanga upya kwa amri moja:

mksquashfs TFC tfc.sqfs -comp zstd

Sasa ukiomba kazi moja, unapachika, unanakili, umemaliza. Mwenye Windows anaifungua kwa 7-Zip na kuchomoa anachotaka.

Nisiwadanganye lakini. Nafasi tuliyookoa ni ndogo kuliko nilivyotarajia, juu kurasa zilizopigwa skani ni picha za JPEG ndani ya PDF, na kitu kilichokwisha kubanwa hakibaniki mara ya pili. Tulichookoa kimetoka zaidi kwenye nakala za kurudia, TFC moja imehifadhiwa mara tano chini ya majina "final", "final2", "final ya kweli". Na hapo pia lazima zifanane kabisa. Ukiongeza nukta moja, kwake ni kazi nyingine.

Kisha, ni ya kusoma tu. Unaweza kuongeza kazi mpya mwishoni, lakini kusahihisha au kufuta ya ndani, hapana, unajenga upya. Kuhusu kuharibika: tar.gz ikipata doa katikati, vinavyofuata kwa kawaida ni vigumu kuviokoa. SquashFS ikipata doa kwenye kipande, unapoteza zilizomo ndani ya kipande kile; doa likigusa orodha, inaweza kukataa kupachikwa kabisa. Na haina ulinzi wake wenyewe wa kutosha wa kukuambia kwamba kitu kimebadilika. Kwa hiyo pembeni ya tfc.sqfs tumeweka alama ya sha256 na faili za par2 za kurekebisha, na nakala ziko kwa watu watatu, nyumba tatu tofauti.

Yule mdogo alipata TFC yake siku ya pili, kwenye flashi. Tulipoifungua tukakuta ukurasa wa 31 umepigwa skani kichwa chini.